Kitabu Kipo, Lakini Kiko Wapi?

Maneno yaliyoandaliwa kwa jamaa ya Waislamu wa Ludara, juu ya kuandika vitabu vya misikiti na vya madrasa

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyewaneemesha waja wake kwa kalamu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Jambo linalosemwa hapa ni dogo kwa sura, kwani ni jambo la daftari na kalamu tu. Lakini ndani yake mna amana za watu waliokwisha kufa, na mtu hawezi kuomba msamaha kwa aliyekwisha kufa.

Katika mwaka wa 12 wa Hijra, baada ya vita vya Yamama vilivyowaua wengi katika wale walioihifadhi Qur'ani, Sayyidna Umar alimshauri Khalifa Abu Bakr kwamba Qur'ani ikusanywe katika maandishi. Kazi ile akapewa Zaid bin Thabit. Sahifa zilipokamilika hazikuachwa zikatangatanga. Zilikaa kwa Abu Bakr hata alipofariki, kisha zikakaa kwa Umar hata alipofariki, kisha zikawa kwa binti yake, Bibi Hafsa, mke wa Mtume, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yao wote. Miaka ikapita. Katika utawala wa Sayyidna Uthman watu wa Sham na watu wa Iraq wakaanza kuhitilafiana katika kusoma. Khalifa hakupeleka wapiga mbiu mijini kuuliza ni nani mwenye sahifa zile. Alijua zilipo na alijua zilikuwa kwa nani. Alipeleka kwa Bibi Hafsa kuziomba, zikanakiliwa, nakala zikapelekwa katika miji mikubwa, na zile za asili akamrudishia mwenyewe. Khalifa mwenye majeshi toka Misri hata Khurasani aliazima kitabu kwa mwanamke mjane, na akakirudisha.

Watu husimulia kisa hiki kwa ajili ya kukusanywa Qur'ani, na ni haki kufanya hivyo. Lakini ndani yake mna fundisho jingine ambalo aghalabu hupitwa. Kujua kwamba kitabu kipo duniani ni elimu moja. Kujua kwamba nakala hii iko nyumba hii, kwa mtu huyu, nzima au pungufu, hiyo ni elimu ya pili. Elimu ya kwanza bila ya pili haimfai mtu aliyesimama mbele ya kabati akitafuta jawabu la mas'ala ya mirathi na watu wanamngoja uani.

Wanazuoni wa kale waliifanyia elimu ya kwanza kazi kubwa mno. Neno fahirisi, litumiwalo mpaka leo kwa orodha ya vitabu, ndilo jina la kitabu cha Ibn al-Nadim wa Baghdad, aliyekiandika mwaka 377 wa Hijra, yaani kiasi cha 987 kwa hesabu ya Miladi. Mtu huyu kazi yake ilikuwa biashara ya vitabu, na jicho lake lilikuwa la mfanyabiashara. Alipotaja diwani za washairi hakuridhika na jina peke yake. Alitaja pia idadi ya karatasi, tena akaeleza ni karatasi ya namna gani na ina mistari mingapi kila upande, ili mnunuzi asije akauziwa pungufu akadhani ni kamili. Baada yake, katika karne ya 17, Haji Khalifa wa Istanbul aliandika kitabu chake cha majina ya vitabu, na ndani yake mna majina kiasi cha 14,500. Kazi kubwa, Mungu awalipe. Hata hivyo, vitabu vingi sana alivyovitaja Ibn al-Nadim havionekani tena popote. Jina limebaki na kitabu kimekwenda. Msomaji huambiwa kwamba fulani alitunga kitabu juu ya jambo fulani, naye hana mlango wa kuubisha.

Maktaba za zama hizi zimelitenga jambo hili mafungu mawili kwa makusudi. Fungu la kwanza ni la kitabu chenyewe: jina lake, mtungaji wake, mahali na mwaka wa kuchapwa. Fungu la pili ni la nakala: iko maktaba gani, kabati gani, majalada mangapi yapo na mangapi hayapo. Katika Marekani kuna chama cha maktaba kilichoanzishwa huko Ohio mwaka 1967, nacho kimejenga fahirisi moja ya pamoja inayotumiwa na maktaba za nchi nyingi. Maelezo ya kitabu huandikwa mara moja na wote wakayatumia. Maktaba iliyo na kitabu kile kile hailazimiki kuyaandika upya. Lakini maneno ya mahali hayaazimwi. Kila maktaba huandika yake kwa mkono wake, kwa kuwa karani wa Ohio, hata awe hodari namna gani, hajui kabati la Ludara lina rafu ngapi wala mchwa wamefika rafu ya ngapi.

Vivyo hivyo katika programu za kompyuta. Ile iitwayo Koha ilitengenezwa New Zealand na ikaanza kutumika huko mwezi wa Januari mwaka 2000. Jina lake ni neno la Kimaori lenye maana ya zawadi, na kweli hupatikana bila malipo. Ndani yake kila nakala ina nambari yake peke yake, na imeandikiwa mahali pawili: maktaba iliyo kwao, na maktaba ilipo hivi sasa. Hao ni watu wa mbali wasioujua wakfu, nao wameona kwamba kitabu huweza kuwa na kwao na kikawa safarini. Mengine ya mitambo hiyo, pamoja na nambari zake na alama zake, yaachiwe wenye fani.

Sasa na itazamwe hali ya nyumbani. Chuo Kikuu cha Makerere tangu mwaka 1958 kimepewa haki ya kupokea nakala ya vitabu vinavyochapishwa Uganda, kwa hiyo mtu akitaka kitabu kilichochapishwa nchini anajua wapi pa kuanzia kuuliza. Lakini vitabu vya misikiti ya West Nile si vya namna hiyo. Ni vitabu vya Kairo, vya Beirut, vya Bombay, vya Khartoum. Vingine ni vya Kiswahili kutoka Unguja, Mombasa na Nairobi. Viliingia ndani ya masanduku ya mahujaji na mafurushi ya wanafunzi, havikupita mikononi mwa karani yeyote. Hakuna ofisi Kampala yenye habari zao. Habari zao ama ziko Ludara ama haziko popote.

Na kuna jambo linaloyafanya haya yawe mazito zaidi upande huu kuliko kwingine. Mwaka 1979 serikali ya Idi Amin ilipoanguka, na zaidi mwaka 1980 na 1981, watu wa West Nile walikimbia kwa maelfu kuingia Zaire na Sudan. Wengine walikaa huko miaka mitano, wengine zaidi. Mtu akikimbia hubeba mtoto, hubeba sufuria, hubeba mkeka. Mwenye kubeba jalada la tafsiri juu ya kichwa ni mmoja katika wengi, na huyo naye hubeba jalada moja, si manne. Vitabu vikabaki chini ya paa zilizoanguka. Vingine vikavushwa mpaka na watu wema waliotaka kuviokoa, vikakaa nyumba za watu hata wenye kuviokoa wakafariki ugenini. Watoto wao wakavikuta katika sanduku la bati. Ndani ya jalada la kwanza pameandikwa kwa wino neno moja tu: wakfu.

Wakfu wa wapi? Wakfu wa nani? Kwa msikiti upi? Hapo pana tabu. Mali ya wakfu haiuzwi, wala hairithiwi, wala haitolewi hiba. Hilo linajulikana kwa kila aliyesoma fikihi hata kidogo. Mtoto yule mwenye sanduku si mwizi, wala baba yake hakuwa mwizi, pengine alikuwa mbora wa wenzake. Lakini kitabu hakiwezi kurudi kwao maana kwao hakukuandikwa. Kimekuwa yatima. Laiti mtoaji angeongeza maneno matatu, au laiti msikiti ungekuwa na daftari na nakala ya daftari ikawekwa mji mwingine, kitabu kile kingekuwa na njia ya kurudi hata baada ya miaka arubaini.

Basi na isemwe wazi ni kitu gani kinachotakiwa kuandikwa. Watu wengi wakiambiwa waandike vitabu huandika jina la kitabu na kuweka nukta. Hiyo ni elimu ya kwanza tu. Chukueni mfano wa Tafsiri ya Ibn Kathir katika chapa ya majalada manne. Karani akiandika "Ibn Kathir, kipo," ameandika uwongo bila kukusudia, ikiwa kabati lina la kwanza, la pili na la nne. Mwanafunzi atatembea kwa miguu kutoka kijiji cha mbali kutafuta tafsiri ya sura iliyomo ndani ya jalada la tatu, afike, asipate. Iandikwe: chapa ya majalada manne, yaliyopo ni la 1, la 2 na la 4, la 3 halipo. Neno "halipo" nalo ni habari, tena habari ya thamani. Huenda jalada la tatu liko Arua katika nyumba ya mtu anayeshangaa ni kwa nini ana jalada moja lisilo na ndugu. Pengo likiandikwa huku, na kipande kikiandikwa kule, siku moja viwili vitakutana. Yasipoandikwa yote mawili, kila upande utaona kilicho kwake hakina faida na mwisho kitafungiwa karanga.

Mfano mwingine ulio karibu zaidi na wasomaji wa Kiswahili ni Qurani Takatifu ya Sheikh Abdulla Saleh Farsy. Kitabu kizima kilichapishwa Nairobi mwaka 1969, lakini kabla yake sheikh alikuwa akikitoa huko Unguja sehemu kwa sehemu. Basi msikiti wenye zile sehemu chache za mwanzo, na msikiti wenye kitabu kizima, yote miwili itasema ina tafsiri ya Sheikh Farsy, na yote miwili itakuwa imesema kweli, na msikilizaji atapotea. Ni wajibu kuandika ni sehemu zipi. Hapa pia yafaa kuonya juu ya neno juzuu. Katika Qur'ani juzuu ni moja katika mafungu thelathini; midomoni mwa wengi juzuu ni pia kitabu kimoja chenye gamba lake. Katika daftari neno moja lisibebeshwe maana mbili. Kilicho na gamba lake kiitwe jalada, na juzuu iachiwe Qur'ani.

Baada ya hayo liandikwe jina la msikiti au madrasa iliyo kwao kitabu, kisha kabati na rafu, kisha aliyekitoa wakfu na kwa sharti gani, ikiwa alisema kisitoke nje au kiazimwe. Liandikwe na hali yake: gamba limechanika, karatasi za mwanzo hazipo, mchwa wamekula pembe. Kila jalada lipewe nambari yake, na nambari hiyo iandikwe ndani ya jalada vilevile, si katika daftari peke yake. Ikiwa nakala ni mbili za kitabu kimoja, ni nambari mbili. Kitabu kikipotea nambari yake isipewe kitabu kingine, wala mstari wake usifutwe. Uandikwe pembeni mwezi na mwaka kilipokosekana. Daftari lililofutwafutwa haliaminiwi na kadhi wala na mrithi.

Wapo watakaosema, na wamekwisha kusema katika miji mingi, kwamba vitabu vya msikiti ni vichache, hamsini au sitini, na maalimu anavijua kwa macho. Ni kweli anavijua. Lakini maalimu ni mtu, na mauti hayampi mtu nafasi ya kusomesha watu mahali pa vitabu vyake. Tena uchache si hoja ya kutokuandika. Mwenye ng'ombe mia akipotelewa na mmoja ana tisini na tisa. Mwenye wawili akipotelewa na mmoja amebaki na nusu.

Wengine huona haya kuandika jina la aliyeazima kitabu, hasa akiwa mzee au sheikh, wakidhani kuandika ni kumtuhumu. Hao wakumbushwe kwamba aya iliyo ndefu kupita zote katika Qur'ani, katika Suratul Baqara, ni aya ya kuandikiana deni. Hukumu ile haikuja kwa ajili ya wezi, ilikuja kwa waumini wanaoaminiana, ili shaka isiingie kati yao. Mzee mwenye kuheshimiwa aandikwe wa kwanza, vijana waone, na hapatakuwa na kijana wa kununa.

Na nani aandike? Si lazima awe imamu, na pengine ni bora asiwe imamu, kwa kuwa shughuli za imamu ni nyingi. Wako wasichana na wavulana waliomaliza shule, wenye hati nzuri kwa herufi za Kilatini na wanaozijua herufi za Kiarabu kwa ajili ya majina ya vitabu. Wawili wafanye kazi pamoja, mmoja asome na mmoja aandike, na maalimu akae karibu kuwaambia jina la kitabu kilichopoteza karatasi ya mbele. Ikiwa sahifa za Qur'ani tukufu zilikuwa katika ulinzi wa Bibi Hafsa, hapana ajabu daftari la Ludara kuwa katika ulinzi wa binti wa Ludara.

Haya hayakubuniwa leo. Huko Lamu, katika msikiti wa Riyadha uliojengwa na Habib Saleh yapata mwanzo wa karne ya 20, kuna hati za mkono zaidi ya mia moja za fikihi, nahau, tasawwuf na mengineyo. Katika miaka ya 2010 hati hizo zilipigwa picha kwa msaada wa mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuhifadhi maandishi yaliyo hatarini, ulioanza mwaka 2004. Watu wa London wanazo picha, na mtu yeyote aliye popote huweza kuzitazama. Lakini hati zenyewe hazikuchukuliwa. Zimebaki Lamu, na fahirisi inasema hivyo: asili iko Riyadha. Yafaa kulitafakari hilo, kwani wengi huogopa kuandikisha vitabu vyao wakidhani kuandikisha ndiko kunyang'anywa. Kitabu kilichoandikwa kwao huwa kigumu kunyang'anywa kuliko kilichonyamaziwa.

Mji mwingine ni Timbuktu, katika nchi ya Mali. Taasisi ya Al-Furqan ya London ilichapisha katika miaka ya 1990 orodha ya hati za Kituo cha Ahmed Baba cha mji huo, majalada kwa majalada. Mwaka 2012 mji ukaingia vitani, hati nyingi zikatoroshwa kwa siri hadi Bamako, na Januari 2013 sehemu ya zilizobaki ikachomwa moto. Ni msiba. Lakini penye orodha iliyokuwa imekwisha kutoka mjini, mtu huweza kuuliza kwa nambari: hii iko wapi, na hii iko wapi. Waliokimbia West Nile mwaka 1980 hawakuwa na la kuuliza kwa nambari. Ndiyo maana daftari moja halitoshi. Nakala ya pili, iwe ya mkono au ya picha ya simu, ikae Koboko mjini au Arua, kwa mtu au ofisi itakayotajwa jina katika ukurasa wa kwanza wa daftari lenyewe. Na kila mwaka, pengine katika mwezi wa Shaabani kabla ya darsa za Ramadhani, vitabu vitolewe juani, vipanguswe, visomwe kimoja kimoja mbele ya daftari, na tarehe ya kusomwa iandikwe.

Yule mtoto mwenye sanduku la bati naye asisahauliwe. Vitabu vyenye neno wakfu pasipo jina la msikiti vipokewe bila maswali ya kuaibisha, na viandikwe katika kurasa zao wenyewe mwisho wa daftari: jina la kitabu, jalada la ngapi, kimeletwa na nani, kimetoka nyumba gani, kilivushwa mpaka mwaka gani ikiwa yajulikana. Nafasi ya msikiti iachwe wazi, isijazwe kwa kukisia. Jamaa wa Arua, wa Yumbe, na wale wa ng'ambo ya mpaka wapelekewe kurasa hizo wazisome. Na pale kwenye Ibn Kathir, baina ya jalada la pili na la nne, karani aache mstari mmoja mtupu.

Wabillahi tawfiq.